Kiwanda tunakitaka, lakini tuulizwe kwanza!

Hii ni hotuba ya fundi mstaafu wa viwandani mbele ya vijana wa Mbeya na wenzao kutoka Iringa. Tunaichapa yote, tumeacha salamu za itifaki tu. – Mhariri

Ndugu zangu vijana,

Mliotoka Iringa, kamwene. Mlio wenyeji wa hapa Mbeya, ndaga kwa kunialika na kwa kunipa kiti chenye mgongo. Kwa umri wangu huu benchi silimudu tena.

Nimeombwa nizungumze juu ya viwanda na makazi ya watu. Nitaanza na swali ambalo kila mmoja wenu analo kichwani ila anaona haya kulisema mbele ya mzee. Nitawasemea mimi: "Mzee, sisi hatuna kazi. Tunashinda kijiweni, tunauza mitumba Mwanjelwa, tunapiga debe stendi. Leo mwekezaji anakuja na kiwanda, wewe unataka tukipinge. Halafu tule nini?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Kama ningekuwa sina jibu lake ningebaki nyumbani nimwagilie mchicha wangu.

Jibu langu ni hili. Kiwanda mimi sikikatai. Nimeoa kwa mshahara wa kiwanda, nimesomesha kwa mshahara wa kiwanda. Ninachokataa ni kiwanda kuletwa kama ndoa ya kulazimishwa: binti anaamka asubuhi anaambiwa mahari imeshaliwa, jiandae, wanakuja kukuchukua. Nani kala mahari? Hajui. Mume ni nani? Atamwona huko huko. Ndivyo miradi mingi inavyotufikia sisi walalahoi. Tunaona tingatinga kwanza, barua inakuja baadaye.

Tukipiga kelele tunaambiwa tunapinga maendeleo. Leo nataka mwondoke hapa na jibu la kumpa mtu wa namna hiyo.

UGALI KATIKATI YA SUFURIA

Tokeni nje hapo mwangalie mji wenu ulivyokaa. Kaskazini kuna mlima Loleza na safu ya milima ya Mbeya, ambayo kilele chake kinapita mita 2,800. Kusini kuna milima ya Uporoto. Sisi tuko chini, kama ugali katikati ya sufuria.

Sasa kumbukeni asubuhi za Juni na Julai. Moshi wa mkaa, wa matanuri ya matofali na wa malori unalala juu ya mapaa mpaka saa tatu, saa nne. Kwa nini haupandi? Kwa sababu usiku wa kipupwe hewa baridi inateremka kutoka milimani na kutuama bondeni, na hewa yenye vuguvugu inakaa juu yake kama mfuniko. Moshi unapanda kidogo, unagonga mfuniko, unarudi puani mwenu. Hayo ni mambo ya kimaumbile, hayana chama.

Kiwanda ambacho kingejengwa pwani, upepo wa bahari ukabeba moshi wake, kikijengwa hapa hapa bondeni moshi wake utalala na nyinyi kitanda kimoja. Kwa hiyo mtu akikuletea mchoro wa kiwanda kilichofanya vizuri nchi nyingine, muulize: hiyo nchi nyingine ina mfuniko?

Iringa nao wana lao. Mji umekaa juu kilimani, chini yake pale Ipogolo unapita mto Ruaha Mdogo. Maji ya bomba ya mji yanatoka kwenye mto huo. Mto wenyewe unashuka kutoka nyanda za Mufindi, unapita kwenye vijiji na mashamba, unafika mjini, kisha unakwenda kujiunga na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera. Mtu akimwaga kitu juu, wa chini anakipikia chai. Na mtu wa Ipogolo akimwaga, kuna wengine chini yake ambao hatawaona maisha yake yote.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kiwanda kinatengeneza nini, ulizeni kinakaa wapi. Upepo unavuma kwenda kwa nani? Maji yanashuka kwenda kwa nani?

TULIKUWA NAVYO, VIKO WAPI?

Wengine wenu mmezaliwa baada ya mambo haya, kwa hiyo acheni niwakumbushe. Hapa Mbeya tulikuwa na ZZK, kiwanda cha zana za kilimo kilichofua majembe. Tulikuwa na kiwanda cha nguo. Vikafa. Nani aliviua? Wananchi wa jirani hawakuandamana hata siku moja kuvipinga. Viliuliwa na uendeshaji mbovu na mabadiliko ya uchumi, na wafanyakazi wakatoka getini na mabegi yao. Kwa hiyo mtu asije hapa kutuambia kwamba ajira zimepotea kwa sababu wananchi ni wakorofi.

Chukueni Mgololo kule Mufindi, kiwanda cha karatasi. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Kilikusudiwa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka, kikila misindano ya msitu wa Sao Hill. Tukaambiwa ndiyo mkombozi. Miaka kama kumi na ushee baadaye mitambo ilikuwa imezimwa, na mwaka 2004 kikauzwa kwa kampuni binafsi. Deni la kukijenga halikuzimwa pamoja na mitambo. Hilo lilikuwa la taifa zima, la kabwela wa Mbozi na la kabwela wa Kigoma.

Nawapa na somo la ufundi hapo hapo. Ili upate karatasi unachukua vipande vya mti unavipika kwa dawa kali. Njia inayotumika zaidi duniani inatumia dawa zenye salfa, na ndiyo maana viwanda vya namna hiyo huko Ulaya na Marekani vinajulikana kwa harufu ya yai viza. Maji yanayobaki baada ya kupika na kuosha yakiingia mtoni bila kusafishwa yanakula hewa iliyomo majini, na samaki anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yake mwenyewe.

Je, hakuna dawa? Ipo. Kuna mabwawa ya kusafishia maji, kuna mitambo ya kunasa hewa chafu, kuna vichujio vya vumbi. Yote hayo yanauzwa, na bei yake ni kubwa. Mwenye kiwanda hatanunua kitu cha bei kubwa ambacho hakuna mtu aliyemwuliza habari zake. Ndiyo maana swali la mwananchi lina thamani ya fedha. Swali likiulizwa kabla ya msingi kuchimbwa, kichujio kinaingia kwenye bajeti. Likiulizwa baada ya kiwanda kuwaka, unaambiwa tutaliangalia mwaka ujao wa fedha. Mwaka ujao wa fedha haufiki, mnaujua.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda kimoja, jina silitaji, na siku hizi hakipo. Tulipewa kitambaa kimoja cha kufunga pua kwa mwezi mzima. Tukitoka zamu tulikuwa weupe kama vijana waliotoka jandoni. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu ya usiku, mcheshi sana, alikuwa anatuimbia ili tusisinzie. Alianza kukohoa. Akakohoa miaka miwili. Kwenye karatasi ya hospitali waliandika kikohozi cha kawaida. Tukamzika mwezi wa nane. Kampuni ilileta jeneza na soda. Sikuja hapa kuwaliza. Nimeyataja mjue kwamba ninaposema kiwanda, nakijua kwa ndani.

TABATA WALIVYOSHINDA

Sasa twende kwenye mapambano. Wapo wanaosema mwananchi wa kawaida hawezi kushindana na serikali. Danganya toto hiyo!

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji. Malori ya jiji yalikuwa yanamwaga takataka za mji mzima mlangoni kwao. Takataka zinaungua mchana na usiku, moshi, nzi, uvundo. Mahakama ikasema jiji liache. Jiji likaomba liongezewe muda. Likapewa. Likaomba tena. Mwaka 1991 likarudi tena kuomba nyongeza, likamkuta Jaji Lugakingira. Jaji akashangaa. Kwa maneno yangu mimi, alisema hajapata kusikia mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaipeleka hoja hiyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, ile inayompa kila mtu haki ya kuishi. Yaani haki ya kuishi ni zaidi ya haki ya kutopigwa risasi. Hata kutovutishwa sumu kumo humo ndani.

Mtasema: mzee, hilo ni jalala, sisi tunazungumza kiwanda. Pua yako haina habari moshi umetoka jalalani au kwenye bomba la kiwanda. Na sheria ni hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni jiji lilifanya nini. Liliondoka Tabata likahamishia takataka Kunduchi Mtongani. Kunduchi nao ni watu. Mwaka huo huo wa 1991 wakaenda mahakamani, mmoja na wenzake 794. Hesabuni: watu 795 kwenye kesi moja! Wakaonyesha kwamba eneo hilo kwenye mpango wa mji lilitengwa kuwa makazi. Mahakama ikaufuta uamuzi wa jiji, ikalizuia kuendelea, ikaliamuru litafute mahali panapofaa.

Mkipiga makofi, msimalize mikono, kwa sababu hadithi ina mkia. Baada ya hapo takataka zilikwenda Vingunguti, kwa walalahoi zaidi. Zikakaa huko miaka. Mnaona? Uchafu ni kama maji, unatafuta mahali palipo chini. Na pa chini ni pale ambapo watu hawajajipanga. Kwa hiyo nyinyi wa Mbeya mkikifukuza kiwanda kibovu kikaenda kutua kwa ndugu zenu wa kijiji fulani ambao hata gari la kuja mjini hawana, mtakuwa mmehamisha msiba tu, hamjauzuia. Dai lenu lisiwe "kisijengwe kwetu". Liwe "kisijengwe hivyo, popote".

OWINO UHURU: KAZI ILIYOGEUKA SUMU

Vukeni mpaka mje Mombasa. Pale kuna mtaa wa wavuja jasho unaitwa Owino Uhuru, wakazi kama 3,000. Mwaka 2007 ukutani kwao kabisa kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu za magari ili kutoa risasi. Risasi ninayosema ni ile madini, nzito, ya kijivu, mnaijua nyinyi mnaochaji betri. Vijana wa mtaa walifurahi. Kazi imekuja mlangoni, nauli hamna!

Kumbe moshi wa risasi haubishi hodi. Unaingia kwa vumbi, unaingia kwa maji ya mvua juu ya bati, unaingia na nguo za baba aliyetoka zamu na kumpakata mwanawe. Wataalamu wa afya duniani wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na haurudi ulivyokuwa.

Mwanamke mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa na kiwanda hicho kushughulikia mahusiano na jamii. Mwanawe mchanga akaugua. Vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Akaacha kazi akaanza kuwakusanya wenzake. Alikamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ambayo ni ya watetezi wa mazingira duniani. Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na ikazibebesha mzigo huo taasisi za serikali zilizotoa vibali pamoja na wenye kiwanda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaivuruga hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Ni ushindi? Ndiyo. Lakini fanyeni hesabu. Kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinafunguliwa alikuwa amekwisha kuota ndevu. Hukumu haiwezi kuitoa risasi kwenye kichwa chake. Maji yakimwagika hayazoleki.

LAMU: KABLA TINGATINGA HALIJAWASHWA

Ndiyo maana napenda zaidi habari ya Lamu, kwa sababu wale waliwahi. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, karibu na mji mkongwe wa Lamu ambao toka 2001 ni urithi wa dunia. Wavuvi, mafundi majahazi, akina mama na vijana wakaungana. Hawakusubiri moshi. Wakaichukua ripoti ya athari za mazingira wakaisoma, wakatafuta wanasheria, wakaukata rufaa uamuzi wa kutoa kibali cha mwaka 2016 mbele ya Baraza la Rufaa za Mazingira la Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likakifuta kibali.

Kwa sababu gani? Hapa ndipo penye dhahabu, tegeni masikio. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini ilifanyika mapema, kabla utafiti haujakamilika. Watu waliitwa kutoa maoni juu ya ripoti ambayo ilikuwa haijaandikwa! Baraza likasema huko si kushirikishwa, maana mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu asichokijua.

Sasa nyinyi mnayajua mambo haya bila kwenda Lamu. Mnaitwa ofisi ya mtaa. Mnakuta soda, maji ya chupa na biskuti. Mheshimiwa anasema mradi ni mzuri, wenye macho wanauona. Karatasi inapitishwa, andika jina, weka sahihi, ni ya posho tu hiyo. Kumbe karatasi ya posho inakwenda kubandikwa nyuma ya ripoti: wananchi 140 walishirikishwa na kuridhia. Umeuza mapafu ya mwanao kwa soda moja ya baridi. Hilo ndilo changa la macho la karne!

MTWARA NAO JE?

Mwingine atasema: basi watu wa Lamu hawapendi umeme. Hapana. Angalieni Mtwara. Mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka 2013 wananchi wa kule waliandamana. Ghasia za Mei 2013 ziligharimu maisha ya watu. Walikuwa wanapinga nini? Walipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, badala ya umeme na viwanda kujengwa kwao. Lamu walikataa mtambo, Mtwara waliulilia. Ukitazama juu juu unaona hawa na hawa wanapingana. Ukichimba unakuta wote walikuwa na dukuduku moja: uamuzi umefanyika bila sisi.

Hilo ndilo jibu lenu kwa anayewaita wapinga maendeleo. Mwambieni: ndugu, tuulize kwanza, halafu ndiyo utajua tunapinga au hatupingi.

SHERIA KWA KISWAHILI CHA KIJIWENI

Wakubwa wanapenda mwamini kwamba sheria ni ya wenye suti. Sikilizeni mambo manne tu.

La kwanza. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Wale wa Tabata hawakuwa na sheria hii. Nyinyi mna Katiba na sheria mkononi.

La pili. Kifungu cha 81 kinasema mradi wa aina iliyotajwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Nasema kabla. Mkiona msingi unachimbwa, ulizeni cheti cha mazingira kiko wapi. Msiulize kwa mdomo getini, ambako mtajibiwa na mlinzi. Ulizeni kwa barua, nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

La tatu. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi ana haki ya kuomba taarifa iliyoko ofisi ya umma, na ofisi ina muda uliowekwa wa kumjibu. Ombeni ripoti. Ikija ni kitabu kizito cha Kiingereza, mtafuteni mwalimu, mtafuteni kijana aliyetoka chuo na hana kazi, awafasirie kurasa tatu: inayosema maji machafu yanakwenda wapi, inayosema moshi una nini, na inayosema wananchi walisema nini. Hiyo ya tatu mtacheka, kwa sababu mtakuta mlisema maneno ambayo hamjapata kuyasema.

La nne. Mkutano wa mtaa, na vijijini mkutano mkuu wa kijiji. Najua mnaudharau. Mnasema ni wa wazee na wanywa kahawa. Ndiyo, kwa sababu nyinyi hamwendi! Muhtasari wa mkutano huo ni karatasi yenye nguvu. Kama umeandikwa "wananchi wamekubali" na nyinyi mlikuwa mnaangalia mpira, mtakwenda kubishana na nani? Nendeni. Simameni. Semeni: "Mwenyekiti, naomba hili liandikwe." Mkishasema hivyo msikae mpaka limeandikwa na kusomwa.

WATAKUJA KWENU KWANZA

Vijana, nisikilizeni hapa vizuri. Wajanja hawataanza na mzee kama mimi. Wataanza na nyinyi. Watawapa fulana. Watawapa vibarua vya kufyeka eneo, wiki mbili hivi. Halafu watawaambia: hawa wazee wenu ndio wanaowanyima kazi. Baba na mwana watagombana, na wakati mnagombana lori la kokoto linaingia.

Akija mtu na neno "ajira", msimfukuze. Mkalisheni chini mumhoji. Ajira ngapi? Za kujenga au za kuendesha? Maana wakati wa kujenga wanahitajika watu wengi wa koleo na toroli, lakini kiwanda kikishawaka kinaweza kuendeshwa na watu wachache wenye vyeti. Ni ya kudumu au ya kibarua? Nani atawafundisha hao vijana wa mtaa? Vifaa vya kujikinga ni vya nani? Na yote hayo yataandikwa kwenye mkataba upi? Akijibu vizuri, mpeni kiti. Akianza kujikuna kichwa, mpeni njia.

Na kitu kimoja nawasihi: msirushe jiwe. Nawajua, damu ni moto. Lakini jiwe moja likirushwa, FFU wanakuja, mabomu ya machozi yanapigwa, na kesho yake kila mtu anazungumza wahuni waliochoma tairi. Kiwanda hakuna anayekizungumzia tena. Umemfanyia mwenye kiwanda kazi yake bure. Orodha ya majina 795 ilitisha jiji la Dar es Salaam kuliko mawe 795.

TULE NINI?

Namalizia pale nilipoanzia. Mliniuliza tule nini. Nawaambia: kuleni kazi ya kiwanda chenye kichujio, chenye bwawa la kusafishia maji, kilichojengwa eneo la viwanda na si ukutani kwa shule. Kazi hiyo ipo, ila haiji yenyewe. Huko Ulaya mnakosikia viwanda vina mito yenye samaki, mito hiyo nayo iliwahi kunuka. London mwaka 1952 moshi ulituama siku chache tu ukaua maelfu ya watu, na mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Wenzetu walijifunza kwa maiti. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kwa kusoma.

Kesho asubuhi, mvuke ukiwa unawatoka mdomoni kwa baridi, angalieni moshi ulivyolala juu ya Mwanjelwa. Hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya mazingira, na mnaisoma bure. Siku gari lenye vioo vyeusi litakapokuja na michoro, muwe mmeshakubaliana nani anaandika barua, nani anasoma ripoti, nani anahudhuria mkutano, na nani anatunza nakala. Watu wanne tu. Kijiwe chochote hakikosi watu wanne.

Kule kiwandani, mwenzangu yule wa zamu ya usiku hakupata mtu wa kuuliza kwa niaba yake. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa na umri wenu, nilikuwa na mdomo, nikanyamaza kwa kuogopa kukosa zamu. Kiwanda kikafungwa hata hivyo, na zamu nikaikosa.

 Sasa maswali, na yule anayetaka kunibishia aanze yeye.